Tahadhari: tela la kulala la Kondoa lipo kwenye picha tu

Wana Dodoma wenzangu, ukikutana na tangazo la tela jeupe lenye turubai la kijani, vitanda viwili, friji na jiko, "linakusubiri Kondoa kwenye baridi safi, laki moja tu kwa usiku", usitume hata mia. Tela halipo. Mimi nimetuma 325,000, nikapakia watoto na mablanketi, nikaenda hadi Kondoa kulitafuta.

Wazo lilikuwa langu, niseme ukweli. Baba watoto alitaka twende tukalale gesti kama watu wengine. Lakini Nane Nane iliangukia Ijumaa, na mimi nilishachoka kila mwaka kuwapeleka watoto Nzuguni kula vumbi na kuangalia ng'ombe wa maonesho. Kondoa ni kilomita kama 160, lami tupu tangu barabara ya Babati izinduliwe 2018, na huko kwenye vilima vya Irangi mwezi wa nane usiku unavaa sweta mbili. Nikaona watoto walale kwenye tela, asubuhi tunywe chai nje, halafu twende Kolo kuona michoro ya mapangoni. Tangazo nililetewa na jirani kwenye grupu la mtaa. Naye aliletewa na mtu, na huyo mtu hajulikani alilipata wapi.

Ujanja wa hawa watu uko hapa: tela haliko Dodoma. Mwenye tangazo angesema liko Kisasa au Ilazo ningepita jioni nikitoka kazini nikaligusa. Yeye anakwambia limeshaegeshwa Kondoa karibu na chemchemi, limejazwa maji, wewe njoo na gari lako lolote, "hata IST mheshimiwa". (Dodoma hii kila mtu ni mheshimiwa, kwa hiyo hata hilo halikunishtua.) Kwa maneno hayo alinifungia maswali yote. Mwenye tela la kweli anaanza kukuuliza wewe: gari gani, lina sehemu ya kufungia tela, nani ataendesha, umewahi kuvuta tela? Tela lenye friji, jiko na tangi la maji linaweza kupita kilo 700 likiwa tupu, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwachia mgeni mali ya namna hiyo bila hata kuomba kitambulisho. Mimi sikuulizwa jina. Niliulizwa tu kama nimeshatuma.

Na hela haikuombwa yote kwa mpigo. Kwanza kianzio, nusu ya siku mbili, laki moja. Siku ya pili dhamana 150,000, "inarudi ukikabidhi funguo". Nilisita, nikamwambia nifikirie. Haikupita saa moja nikapigiwa na dada mmoja, sauti nzuri, anasema yeye na familia yake ndio wametoka kwenye hilo tela juzi, dhamana yao imerudi siku ileile, na je, nimeambiwa nibebe soksi nzito? Soksi ndizo zilizonimaliza. Nikatuma. Alhamisi ikaja 35,000 ya gesi. Ijumaa tukiwa tumeshapita Mayamaya, 40,000 ya kibali cha kuegesha, eti watu wa halmashauri wamefika na wanataka kulivuta. Watoto wanaimba nyuma, mimi nabonyeza namba ya siri.

Kila nilipotuma, jina lililotokea lilikuwa jingine. La kwanza la mwanaume, la pili la mwanamke, la tatu na la nne sikumbuki hata yalikuwaje. Nilipouliza, akasema ni wahasibu. Tela moja, wahasibu wanne! Ningekuwa namshauri mtu mwingine ningecheka palepale.

Kondoa tuliingia saa saba mchana. Simu: namba unayopiga haipatikani. Tukazunguka pale chemchemi, nikashuka kuuliza wauza matunda, nikawaonyesha picha. Mama mmoja akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama hilo ni gari la kubebea wagonjwa. Baba watoto hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. Alizima gari, akanigeukia: "Sasa mama watoto, tela liko wapi?"

Tulilala gesti, wanne chumba kimoja.

Jumamosi tukaenda Kolo, maana watoto hawana kosa. Pale ofisi ya mambo ya kale unalipa kiingilio na unapewa mtu wa kuwaongoza kupanda hadi kwenye miamba. Michoro ni mizuri kuliko nilivyosimuliwa: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, wanyama, vichwa vya ajabu. Iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na wengi tuliohamia Dodoma na serikali hatujawahi kukanyaga. Tukiwa tunashuka nikamsimulia yule kaka aliyetuongoza. Akatingisha kichwa: "Ninyi ni wa tatu." Wa kwanza walikuja Julai, wakiwa na mtoto mchanga.

Usiku ule baba watoto akakaa na simu yangu akiikagua ile picha kama askari wa barabarani. Namba ya tela imefutwafutwa. Nyuma kuna miti ya misonobari na mlima wenye kitu cheupe kileleni, ambacho mimi nilidhani ni mawingu. Na mlango: ukilitazama tela kuelekea linakovutwa, mlango uko kulia. Sisi tunaendesha kushoto, abiria anashukia kushoto, pembeni ya barabara. Tela lenye mlango kulia limetengenezwa kwa ajili ya nchi wanaopita kulia, na ukilisimamisha kando ya barabara ya Babati watoto watashukia katikati ya malori. Tukaitafuta picha mtandaoni, ikatokea kwenye tangazo la mtu anayeuza tela lake Marekani, kwenye mji mdogo wa milimani huko Colorado. Wamekata tu kingo.

Jumatatu nikaenda polisi na ujumbe wote wa miamala, nikapewa RB. Wakaniambia nisifute chochote, hata zile simu za dada wa soksi. Huduma kwa wateja wa mtandao wangu wakasema hela zote zilitolewa dakika chache baada ya kuingia. Ukiwahi kabla haijatolewa wanaweza kuizuia, kwa hiyo ukishtuka piga saa hiyohiyo, usingoje kufika Kondoa kama mimi. Zile namba nimezituma 15040, namba ya kuripotia matapeli.

Jumatano akanipigia mwingine. Anajitambulisha kuwa yuko kitengo cha makosa ya mtandao, anajua nimetapeliwa, anajua hadi kiasi, hela yangu "imeshikiliwa", nilipie 20,000 ya kuifungua. Ni walewale. Nani mwingine angejua ni 325,000? Nilimwambia atoe hiyo ishirini humohumo kwenye 325,000, akakata.

Kama bado una hamu ya tela, tela la kweli lina namba yake ya usajili na kadi yake, tofauti na gari linalolivuta. Omba uone kadi, omba video ya sasa hivi mtu akizunguka tela na kutaja jina lako na tarehe ya leo. Niliomba hiyo video mara moja. Akanijibu kwamba mtandao wa Kondoa unasumbua, nami nikamwonea huruma.

Juzi jirani ameniletea tena tangazo. Namba mpya, bei imeshuka hadi elfu themanini, na sasa linasubiri Lushoto. Turubai lilelile la kijani, mlango bado uko kulia.