Kutoka Dar es Salaam hadi kilele cha Rungwe: uzoefu wangu

Mkazi wa Dar es Salaam akisema anataka kupanda mlima, atatajiwa Kilimanjaro, au Meru ikiwa mfuko wake haujatuna sana, lakini ni wachache watakaomkumbusha Rungwe, volkano yenye urefu wa karibu mita 3,000 iliyo jirani na mji wa Tukuyu, mkoani Mbeya. Nimeupanda kiangazi hiki, na kwa maoni yangu anayeufuata kwa ajili ya kilele peke yake anaweza kurudi na kinyongo, ilhali anayeufuata kwa ajili ya msitu hataijutia nauli yake.

Mabasi ya kuelekea Mbeya na Kyela hupatikana Stendi ya Magufuli, Mbezi, na safari humaliza siku nzima. Treni ya TAZARA inamfaa asiye na haraka, mradi aulizie ratiba mapema. Ni vyema kulala Tukuyu kabla ya kupanda, tena na sweta nzito, kwani baridi ya Juni na Julai huko si ya mzaha kwa aliyezoea joto la Kariakoo.

Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo kibali hutafutwa kwanza. Wakala wa safari aliyenipangia mambo nikiwa Dar aliniahidi njia yenye vibao mwanzo hadi mwisho. Vibao sikuviona, na mahali pengi njia ilikuwa imemezwa na majani, kiasi kwamba bila kijana wa kijijini aliyetuongoza tusingefika popote. Kijana huyo ndiye huduma bora niliyoilipia katika safari nzima.

Ukiacha migomba, mashamba ya chai na viazi, unaingia chini ya miti mirefu iliyovikwa kuvu na ukoga, ambako hata saa nne asubuhi mwanga ni hafifu. Humu ndimo anamoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 2003 na kumtangaza 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimfahamu kwa jina hilo tangu zamani. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, iliyopewa jina la mlima huu. Sisi tuliwaona mbega. Kipunji tulimsikia tu, akitoa mlio wa kukoroma na kubweka kwa pamoja, na kiongozi wetu akatusimamisha muda mrefu tukisikiliza. Kwangu mimi dakika hizo zilizidi thamani ya kilele.

Penye kingo zilizokatika, udongo unaonyesha tabaka la mawe mepesi yenye vitundu, yale yale ya kusugulia visigino, yaliyorushwa na mlipuko mkubwa wa Rungwe miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Jirani yake Kiejo ilitoa lava takriban mwaka 1800, jambo ambalo mtu hukumbuka kwa namna yake akiwa amekaa juu ya mawe hayo akila ndizi.

Baada ya mianzi na vichaka vifupi, mteremko unakuwa mkali na magoti yanadai haki yao. Kileleni tulipata nafasi fupi kabla ya mawingu kufunga: kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, lililobomoka upande wa kusini-magharibi, Kiejo mbele yetu, bonde la Kyela, na Ziwa Nyasa likiwa limeegemea Milima ya Livingstone. Anayetaka mandhari hayo aanze kupanda kabla ya jua kuchomoza, na asijaribu msimu wa mvua, kwa kuwa mvua ya Rungwe ni nyingi kupita kiasi na utelezi wake ni hatari. Mwenye watoto au magoti mabovu aende Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kasoko la volkano jirani, ambako msitu unafanana na huu na mwendo ni mfupi zaidi.