Chujio la sponji kwa samaki wa upinde wa mvua: zuri kwa vifaranga, pungufu kwa wakubwa

Sura ya chujio la sponji haina la kusifu: dude jeusi linalotoa mapovu katikati ya samaki wanaong'aa. Lakini kwenye tangi la kulelea vifaranga vya Melanotaenia, yaani samaki wa upinde wa mvua, sijui kifaa kinacholishinda.

Pampu husukuma hewa ndani ya bomba la plastiki, mapovu yanapopanda huvuta maji yapite kwenye matundu ya sponji. Hakuna mota ya kufyonza. Vifaranga wapya ni wembamba kama uzi na hukaa juu juu ya maji, kwa hiyo chujio la mota huwameza. Isitoshe, sponji ikikomaa huota vijidudu ambavyo wadogo hawa huvidonoa. Weka koki kwenye mpira unaoleta hewa kutoka kwenye pampu, upunguze mapovu. Yakizidi, mkondo huwasukuma mbali na chakula.

Sponji mpya iminye ndani ya maji mpaka hewa iishe, la sivyo itaelea. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, au mpira uwekwe vali ya njia moja, maana umeme ukikatika maji hurudi hadi kwenye pampu.

Wengi hukosea kuitumia ikiwa bado mpya. Bakteria wa kuondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na vifaranga hawawezi kungoja. Itumbukize kwanza kwenye tangi la wakubwa kwa muda huo, ndipo uihamishe mayai yakikaribia kuanguliwa.

Kwa wakubwa hali ni nyingine. Melanotaenia boesemani hufikia sentimita 10, hukaa kundi la 6 au zaidi, hula kwa pupa na hupenda maji yenye mwendo. Kwenye lita 200, mkondo wa sponji ni dhaifu na kinyesi hulala pembeni. Hapo weka chujio la mota, sponji ibaki ya akiba. Melanotaenia praecox, wa sentimita 5 au 6, ni rahisi zaidi kuwatunza: sponji mbili kubwa kwenye lita 100 zinatosha, mradi robo ya maji ibadilishwe kila wiki.

Kusafisha ni rahisi, ila kunachafua mikono. Ivishe mfuko wa plastiki ikiwa bado ndani ya maji ndipo uitoe, tope lisitawanyike. Iminye kwenye ndoo ya maji yaliyotoka humo humo tangini. Klorini ya bombani huua bakteria. Ukiwa nazo mbili, osha moja leo, nyingine wiki ijayo. Ikiminywa isirudi umbo lake, imechoka: weka mpya kando yake mwezi mzima kabla ya kuitupa.