Risasi za mbogo: ipi ununue, ipi uwaachie swala

Wakuu, msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai 1 na kila mwaka naulizwa swali lile lile, nichukue risasi gani. Mi si mpigaji wa kujisifia, kambini kule upande wa Maswa kazi yangu ilikuwa kuchuna, na mchunaji ndo anaona ukweli maana yeye ndo anaitoa risasi kwenye nyama. Hapa nyumbani Nyakato nina kopo la maziwa limejaa vichwa vya risasi, siku moja nikavibeba mpaka kwa sonara mjini tukavipima kwenye mizani yake ya dhahabu, jamaa alicheka sana ila akapima vyote.

Kwa mbogo sheria inataka kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, .375 kwenda juu, kwa hiyo .30-06 yako hata uipende vipi ni ya kongoni. Naongelea .375 H&H, ile ya Waingereza Holland and Holland ya 1912, kichwa cha greni 300. Kikiwa kipya ni gramu 19.4, ishike hiyo namba.

Ya kwanza kwangu ni softi, risasi ya pua laini, iliyolehemiwa, yaani koti la shaba na madini ya risasi ya ndani vimegandana, mfano Swift A-Frame. Pua inafunguka kama uyoga lakini haimeguki ovyo. Moja ilivunja bega la dume ikapita mbavu ikaja kukwama chini ya ngozi upande wa pili, pale unaipapasa kwa kidole kama jipu, unachana kidogo na kisu, inadondoka mkononi. Sonara akasoma 18.6. Aisee.

Inayofuata ni ya shaba tupu, kina Barnes TSX, na hapa Kiswahili chetu kinachekesha, ni risasi isiyo na risasi ndani. Inafunguka vipande vinne kama ua, inazama mno, na nyama haibaki na chembe za madini, kitu ambacho mi mlaji nakijali. Shida shaba ni nyepesi kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu, bunduki nyingine haikipendi kabisa. Halafu inapenda kutokea ng'ambo, na mbogo hasimami peke yake.

Nosler Partition ipo tangu 1948, ina ukuta katikati, mbele inameguka na nyuma inaendelea na safari. Nzuri tu, sina ugomvi nayo.

Solidi, risasi ngumu, haifunguki kabisa, hiyo weka iwe ya pili na ya tatu kwenye bunduki, ya kumwahi akiwa anakuacha anakimbia. Ukianza nayo kwenye kundi inatoboa dume inamjeruhi jike nyuma yake, na wa kujeruhiwa naye analipiwa.

Ya mwisho softi za kawaida. Bei yake inashawishi najua. Mgeni mmoja alimpiga nayo dume begani, ikapasukia kwenye mfupa, tukafuata damu toka asubuhi mpaka saa nane mchana huku kila kichaka tunakiingia roho mkononi. Kwenye kuchuna nikakuta vipande vipande, kikubwa gramu 7 na ushee. Kwa swala na nyumbu hazina neno, waachieni hao.

Ukienda dukani, nenda lenye leseni na kibali chako mkononi, na ukiletewa risasi kwenye mfuko wa kaki kule mwaloni ondoka zako haraka. Soma kaliba iliyogongwa kwenye mtutu, usiamini kumbukumbu. Chukua maboksi yenye namba ile ile ya uzalishaji, kisha kabla ya porini piga softi tatu na solidi tatu kwenye karatasi mita 50, zikiachana zaidi ya kiganja badilisha aina moja, mapema, kabla duka halijaishiwa maana mwezi wa sita kila mtu anakumbuka siku moja.