Baseball-Reference: hiti za Cap Anson ni ngapi hasa?

Ukurasa wa Cap Anson, mchezaji wa besiboli wa Marekani wa karne ya 19, kwenye Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, unaonyesha jumla ya hiti 3,435 (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye beisi, yaani kituo cha kukimbilia). MLB wenyewe, wasimamizi wa ligi kuu za besiboli, humhesabia 3,011. Tovuti haijakosea: imejumlisha na misimu mitano ya ligi ya National Association (NA), 1871 hadi 1875, alipochezea Rockford kisha Athletics ya Philadelphia. Kamati ya rekodi ya mwaka 1969 ilikataa kuiita ligi hiyo ligi kuu, kwa kuwa ratiba na uendeshaji wake vilikuwa vya kuyumbayumba.

Kinachoifanya tovuti hii iwe bora kwa besiboli ya zamani kiko chini ya mstari wa jumla, ambapo kila ligi ina mstari wake. NA, miaka 5, hiti 423. NL (National League, ligi kuu aliyochezea baadaye), miaka 22, hiti 3,012. Ukitaka kumlinganisha Anson na waliomfuata, tumia mstari wa NL. Tofauti ya hiti moja inayobaki na hesabu ya MLB ni ndogo mno kwa rekodi za karne ya 19.

Wengi hunaswa na msimu wa 1887. Mwaka ule, mpigaji aliyepewa beisi ya bure kwa mirusho mibaya alihesabiwa hiti. Anson alipiga hiti 164 na kupata beisi za bure 60, hivyo wakati ule aliandikiwa hiti 224 kwa zamu 532 za kupiga, wastani wa 0.421. Baseball-Reference huziondoa zile 60 pande zote mbili, kwenye hiti na kwenye zamu: 164 kwa 472, yaani 0.347. Ndiyo hesabu ya haki, lakini jedwali linakupa jibu tu. Kanuni ya mwaka ule uijue mwenyewe, la sivyo utadhani kitabu cha zamani kimekosea.

Safu ya SB, beisi za kuiba (mkimbiaji anapowahi beisi inayofuata bila kusaidiwa na pigo), nayo isomwe kwa uangalifu. Kuanzia 1876 hadi 1885 ni tupu, na tupu si sifuri: ligi haikuziandika. Kuanzia 1886 hadi 1897 mkimbiaji aliyejiongezea beisi kwa hiti ya mwenzake naye aliandikiwa ameiba. Jumla ya safu hiyo msiilinganishe na ya mchezaji yeyote wa leo.

Kusoma ni bure, matangazo yakiwemo. Kwenye simu jedwali ni pana, inabidi ulisogeze pembeni; ni afadhali kompyuta, ambako menyu ya "Share & Export" inakutolea CSV, faili la jedwali. Utafutaji wa kina unalipiwa kupitia Stathead, huduma dada ya tovuti hii, na kwa mchezaji mmoja kama Anson hauuhitaji.