Nimekula kiapo cha ndoa, waliosikia ni safu mbili za mbele

Harusi ishapita kama mwezi hivi ila kila nikifungua ile video hasira zinaanza upya. Fundi mitambo niliyemkodi ana spika za maana, mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti, inang'aa, na mdomo anao. Nilimwambia mapema kabisa, ndoa inafungwa nje, bustanini, wageni ni wengi, nataka hata aliyekaa kiti cha mwisho asikie. Akaniambia "dada ondoa shaka, hiyo kwangu ndogo".

Siku yenyewe spika zote mbili kaziweka chini kwenye majani, usawa wa magoti ya watu. Sasa hapo sauti inaenda wapi kama si kuishia kwenye nguo za waliokaa mbele? Mimi si fundi lakini spika si inapandishwa kwenye stendi ipite juu ya vichwa, na watu wakiwa wamekaa mpaka mbali unaongeza zingine katikati, maana kule nje umbali ukiwa mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6 (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), hakuna ukuta wa kuirudisha. Maiki nayo moja tu, ya mkononi, haina hata sponji, upepo ukipita ni vuuu vuuu. Anayetufungisha ndoa anauliza swali, anampelekea mwenzangu maiki, mwenzangu kashajibu nusu, anairudisha kwake, anakuja kwangu, na akikanyaga tu mbele ya spika mluzi huo, watoto wameziba masikio.

Bibi yangu alikuwa nyuma huko karibu na kamera. Kwenye video unamsikia vizuri kuliko mimi, anamuuliza jirani yake, "Wameshaoana?" Jirani anamjibu, "Nadhani bado wanajaribu maiki." Na hapo ndo nilikuwa nasema maneno niliyoyaandika na kuyafuta wiki nzima.

Shangazi kainuka kistaarabu kabisa, kamfuata fundi, "Baba, sauti huku haifiki." Jamaa hata hedifoni hakuvua sikioni. "Mama nenda kakae, hii kazi ina wenyewe." Shangazi yangu jamani, mtu mzima yule, mbele za watu!

Haya nisiwe mnafiki, usiku mziki aliupiga mpaka basi, hata huyo shangazi alivua viatu akacheza. Na mimi pia nina kosa, sikumwita siku moja kabla tujaribu huku mtu kakaa kule nyuma kabisa tuone kinachofika. Kwa hiyo nilikuwa nampa nyota tatu.

Ila nilimpigia baadaye, kwa upole tu, nikamwomba kama mixa ilirekodi anitumie angalau sauti ya mume wangu akila kiapo, maana kwenye video ni upepo mtupu. Akacheka. "Sikurekodi dada, kwani si ulikuwepo?"

Nyota moja. Na hiyo moja kampa shangazi, si mimi.