Uchambuzi: Aealo ya Rotting Christ, albamu iliyobebwa na kina mama wa Epirus

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo tunaisikiliza Aealo, albamu ya Rotting Christ iliyotoka mwaka 2010 chini ya lebo ya Season of Mist. Ni blaki metali, tawi kali na la giza la muziki wa metali, kutoka Ugiriki.

Kwanza tulimalize suala la jina, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini. Jina la bendi, yaani "Kristo Anayeoza", linamkashifu Kristo, na limewaponza: mwaka 2005 Dave Mustaine wa Megadeth, bendi ya metali ya Marekani, ambaye ni Mkristo, alikataa kupanda nao jukwaa moja hukohuko kwao Ugiriki. Kama linakukwaza, nakuelewa kabisa, wala sitakushawishi. Mada kubwa ya albamu hii lakini ni vita na wafu.

Bendi ni ya Athens, ilianza 1987, na nguzo zake ni ndugu wawili: Sakis Tolis, anayeimba na kupiga gitaa, na Themis kwenye dramu. Blaki metali ya Norwei wengi mnaijua kwa kasi yake na ubaridi wake. Ya Wagiriki haina haraka hiyo. Gitaa linakatwa fupifupi, mwendo ni wa wastani, na kuna melodia inayobaki kichwani. Hayo yote yamo humu, ila kilichonikalisha mbele ya kamera ni wale kina mama.

Sakis aliwaalika Pleiades, kikundi cha wanawake wanaoimba kwa mtindo wa Epirus, eneo la milima kaskazini magharibi mwa Ugiriki. Huko huimba kwa sauti kadhaa bila ala yoyote: mmoja anaanzisha, mwingine anampokea, waliobaki wanashikilia sauti moja ya chini isiyokatika. Baadhi ya nyimbo zao ni za maombolezo. Kama umewahi kukaa msibani, mama mmoja akaanza kulia akimtaja marehemu na wenzake wakampokea, basi utaguswa kabla hujaelewa hata neno moja. Gitaa likija na uzito wake wote, sauti zile hazimezwi. Zinapanda juu yake. Kuna kipande kifupi, Nekron Iahes, ambapo wameachiwa uwanja peke yao, na kwangu hakuna kilichozidi hapo.

Sasa udhaifu, na upo. Dramu zimesafishwa kupita kiasi. Kila pigo lina uzito uleule, hakuna kulegea wala kuvuta pumzi, na muziki unaozungumzia vita unataka jasho lisikike. Halafu Sakis ana tabia ya kushika pigo moja la gitaa na kulirudia, kulirudia. Kwenye wimbo Noctis Era inafaa sana, kwa sababu kiitikio ni cha kupiga kelele pamoja na watu. Ukifika Fire Death and Fear, marudio yaleyale yanachosha. Nilikuwa natamani kina mama warudi.

Wimbo wa mwisho, Orders from the Dead, si wao. Ni wa Diamanda Galás, Mmarekani mwenye asili ya Kigiriki, aliyeutunga kuhusu Wagiriki, Waarmenia na Waashuri waliouawa katika miaka ya mwisho ya dola ya Osmani. Yeye mwenyewe yumo humu, na sauti yake inatisha kwelikweli. Bendi ilifanya jambo la heshima kumpa nafasi ya kufunga. Ila akishamaliza, mistari ya Sakis kuhusu mapanga na mashujaa inaonekana myepesi, kwa sababu huyu mama anataja wafu wa kweli.

Kama ndio unaanza na bendi hii, tafuta kwanza Theogonia ya 2007, nyimbo zake zimebana zaidi. Aealo isikilize baadaye, kwa spika kubwa au hedifoni nzuri. Spika ya simu itakata ile sauti ya chini ya kina mama, na bila hiyo umekosa nusu ya kazi.