Chart.js kwa chati za pai na donati: nimeiweka kwa apu ya chama hapa Kisumu, maoni yangu ndio haya

Wacha nianze na jibu kabisa ndio mwenye haraka aende zake. Kama webu apu yako inataka pai ama donati (pai yenye shimo katikati), na watu wako wanaifungua na simu za bei ya chini na bando za kuhesabu, Chart.js, laibrari ya JavaScript ya kuchora chati, ni nzuri sana bora tu uchukue vipande unavyohitaji na uache vingine. Na kama ni donati moja tu ya kuangaliwa, haibonyezwi, haibadiliki, hata Chart.js usiweke, chora na SVG (picha inayoandikwa kwa kodi ndani ya ukurasa) umalizane nayo. Naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Apu yenyewe ni ya chama cha akina mama wa samaki, wengine wako Dunga pale ufuoni na wengine wanauza omena na mbuta Kibuye. Wanaweka akiba, mikopo, faini na pesa ya matanga, na wakifungua ukurasa wa kwanza wanataka kuona pesa imekaa wapi. Vipande vinne tu. Hapo donati inafaa kabisa juu swali lao ni hii ni sehemu gani ya pesa yote, sio nani ameuza kushinda mwenzake. Siku wakitaka kulinganisha mauzo ya fuo sita nitawachorea chati ya nguzo, manake jicho la mtu linapima urefu vizuri kuliko pembe, watafiti Cleveland na McGill walionyesha hiyo kitu 1984 na mpaka leo ukiweka vipande vinane kwa pai watu wanaanza kukisia.

Sasa uzito. Chart.js 4 ukiichukua nzima ni karibu kilobaiti 200, ikibanwa na gzip inashuka kwa kama 70. Kwa mtu wa waifai ya ofisi hiyo si kitu, lakini mama ako ufuoni mtandao unaingia ukitoka, na hata faili ikishafika simu bado inafaa kuisoma yote na kuiendesha kabla duara litokee, na hiyo ndio sehemu watu husahau wakipima kwa laptopu. Dawa yake iko ndani ya laibrari yenyewe: usiimport chart.js/auto (hiyo inaleta kila kitu), chukua DoughnutController na ArcElement za kuchora donati, Tooltip (kiboksi cha nambari ukigusa kipande) na Legend (orodha ya majina na rangi), uzisajili na Chart.register, basi. Zile nguzo, mistari, rada na skeli zake zote zinabaki nje ukifunga kodi yako kuwa faili moja (bundle). Haitakuwa nyepesi kama unyoya, injini ya katikati bado inakuja, lakini tofauti inaonekana.

Kuna kitu kimoja ukikata hivyo: rangi. Ukiichukua nzima inajipakia rangi yenyewe, ukisajili vipande vyako mwenyewe bila ile plagini (kiongezo) ya Colors na hujaweka backgroundColor, duara lote linatoka kijivu na mtu anadhani data imekataa. Mimi huweka rangi zangu tu, na nazichagua ziachane kwa mwanga pia sio kwa rangi peke yake, juu kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na pia jua la saa saba kando ya ziwa huua rangi zote hafifu kwa skrini.

Yale nimependa. Kwanza ukigusa jina kwa ile orodha ya rangi, kipande chake kinatoka na vilivyobaki vinajipanga upya vijaze duara. Hiyo kitu sikuiandikia hata mstari mmoja na ndio akina mama wanapenda kushinda yote. Mweka hazina alitoa mikopo, akaangalia vile akiba na faini zimebaki, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, nikiirudisha pesa haitapotea?" Nikamwambia, "Hapana mama, hiyo ni kuficha kwa macho tu, daftari halijaguswa." Akaendelea kubonyeza. Pili, kwa simu zenye skrini kali haichori ukungu, inajipima yenyewe. Tatu, data ikibadilika unaita update() na kipande kinasonga polepole hadi mahali pake, mtu anaona mchango wake umeingia.

Ile nyota moja sasa. Donati kila mtu anataka nambari katikati, jumla ya pesa, na Chart.js haina mahali pa kuandika hiyo. Utaandika plagini yako ama ufanye vile nafanya mimi, div juu ya kanvasi (ule ubao Chart.js inachorea), position absolute, maandishi katikati, na usisahau pointer-events: none kama hutaki kidole cha mtu kiishie kwa hiyo div na kisifike kwa kipande. Asilimia pia hakuna, ukigusa kipande unaona 12000 na sio 40%, unapiga hesabu mwenyewe kwa callbacks (funksheni unazoandika mwenyewe) za tooltip. Na ukitaka nambari ziandikwe juu ya vipande vyenyewe hiyo ni plagini nyingine inaitwa chartjs-plugin-datalabels, kilobaiti zaidi. Kwa laibrari imekaa miaka hii yote tangu 2013 mimi naona hivi vitu vingekuwa ndani, juu ndio vya kwanza mtu huuliza.

Halafu sifuri. Chama kipya mwezi wa kwanza hakuna kitu, kila kipande ni 0, duara halichorwi, mahali pake panabaki peupe tupu na hakuna hata erro. Weka sharti kabla ya kuchora, jumla ikiwa sifuri andika "Bado hakuna mchango" mambo yaendelee. Na kama unatumia React (laibrari ya kujenga kurasa) ama kitu kama hiyo, ita destroy() kabla ya kuchora tena kwa kanvasi ile ile, bila hiyo itakuambia kanvasi tayari inatumika na itagoma.

Jambo lingine ni kwamba kanvasi ni picha tu. Mtu anayesomewa skrini na simu kwa sababu haoni vizuri hatasikia kitu, kwa hivyo weka role="img" na aria-label yenye maneno ya maana, na chini yake jedwali dogo la majina na pesa. Hilo jedwali nimeliweka wazi kwa kila mtu na nimeona wazee wa kamati wanasoma hilo kwanza.

Kuhusu kuchora mwenyewe, ndio hii kwa ufupi. Unachukua circle ya SVG yenye r ya 15.915, mzunguko wake unatoka karibu 100 kamili, kwa hivyo kipande cha asilimia 40 ni stroke-dasharray="40 60" (40 inachorwa, 60 inaachwa wazi), na stroke-dashoffset="25" ndio kianzie juu badala ya kulia. Kipande cha pili offset yake ni 100 toa 40 jumlisha 25, yaani 85, na unaendelea hivyo. Kama hutaki hiyo radiasi ya ajabu weka pathLength="100" utumie radiasi yoyote. Hakuna JavaScript, seva inaitoa ikiwa tayari, hata mtu wa Opera Mini, ile brauza ya kubana data, anaiona. Ripoti ya mwezi ya chama nimeifanya hivi na inafunguka mara moja.

Kuna wale watasema tumia conic-gradient ya CSS (rangi za nyuma zinazozunguka kama pai), ni fupi kweli, mstari mmoja na border-radius. Lakini Firefox ilianza kuielewa toleo la 83 mwisho wa 2020, Opera Mini haiielewi, na shida kubwa kwangu ni karatasi: brauza zikichapisha huwa zinaacha rangi za nyuma, sasa mama anaenda saiba kuprinti ripoti ya mkutano na mahali pa duara panatoka peupe. Kuna print-color-adjust: exact ya kusaidia, lakini SVG haina hiyo stori kabisa.

Bei ni bure, leseni ya MIT, unaweka faili kwa seva yako na apu inafanya kazi hata bila mtandao ukishaihifadhi na service worker (skripti ya brauza inayoweka faili kwa simu). Google Charts haikubali hivyo, lazima ipakiwe kutoka kwa Google kila mara, na ndio maana sikuifikiria kwa watu wa ufuoni. Ukienda kutafuta mafunzo angalia toleo, mengi bado ni ya toleo la 2 na yanakuambia cutoutPercentage: 70. Tangu toleo la 3 ni cutout: '70%', ndani ya alama za nukuu, na ile ya zamani inapuuzwa kimya kimya, shimo linabaki asilimia 50 ile ya kawaida na jumla yako ya katikati inabanwa na vipande.